Viraka vinavyoweza kumrudishia fundi wa Ndabibi ari ya kushona

JANUARI inapokwisha na wanafunzi kurejea shuleni wakiwa wamevalia sare mpya, vyerehani vingi katika vituo vidogo vya biashara vya Bonde la Ufa hunyamaza. Fundi aliyekuwa akikesha akikata kaptura na marinda ya aina moja hubaki na rundo la vipande chini ya meza, suruali mbili tatu za kupunguzwa kiuno na saa nyingi za kumsubiri mteja asiyefika.

Ndabibi, eneo la wakulima lililo magharibi mwa Ziwa Naivasha katika Kaunti ya Nakuru, ni mojawapo ya mahali ambapo hesabu hii hueleweka bila maelezo marefu. Mazao ya shambani hutegemea mvua, na upande wa kusini mwa ziwa, mashamba ya maua huwalipa vibarua wake mwisho wa mwezi. Nguo ya kushonesha ni jambo linaloweza kungoja. Karo, unga na mbolea haviwezi.

Hata hivyo, ukosefu wa wateja si tatizo pekee. Lipo jingine lisilozungumzwa sana, nalo ni kufifia kwa ari ya kazi. Fundi aliyeshona nguo za aina moja kwa miaka kumi huweza kuwa na mikono hodari na macho yaliyochoka. Anajua kushona, ila hakumbuki ni lini mara ya mwisho alishona kitu kilichomfurahisha.

Dawa ya uchovu huo huenda iko katika rundo lile lile lililo chini ya meza. Ushonaji wa viraka, hasa utengenezaji wa mfarishi, ni kazi inayomlazimu fundi kuchagua upya rangi, umbo na mpangilio, na kwa gharama ndogo. Mfarishi ni tandiko la tabaka tatu: juu huwa na kitambaa, aghalabu cha vipande vilivyounganishwa, katikati kijazo cha kuleta joto, na chini kitambaa cha mgongo. Tabaka hizo hushikwa pamoja kwa mishono inayopita zote. Kwa wakazi wa Ndabibi, kitu cha namna hii si pambo tu. Ziwa Naivasha lenyewe liko takriban mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, na usiku katika miinuko inayolizunguka huwa wa baridi.

KWA NINI ARI HUKAUKA

Sababu ya kwanza ni ya kihistoria. Hadi miaka ya 1980, Kenya ilikuwa na viwanda vikubwa vya nguo, kikiwemo KICOMI cha Kisumu na Rivatex cha Eldoret, na fundi wa kijijini alikuwa kiungo cha mwisho katika mnyororo ulioanzia shamba la pamba. Soko lilipofunguliwa mapema katika miaka ya 1990, mitumba ilifurika. Viwanda kadhaa vilifunga milango. Rivatex ilinunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka wa 2007 baada ya kusimama, na ikazinduliwa upya mwaka wa 2019 ikiwa na mitambo mipya.

Kwa fundi wa kawaida, matokeo ya mabadiliko hayo yalikuwa mepesi kuonekana. Shati la mtumba huuzwa kwa bei isiyofikia hata gharama ya kitambaa, vifungo na uzi wa shati jipya. Kazi iliyobaki ni ile ambayo mtumba hauwezi kuifanya: sare za shule, nguo za harusi na za kwaya, na marekebisho ya mitumba yenyewe. Hizi ni kazi za kuheshimika, lakini nyingi humtaka fundi afuate kipimo na rangi alizopangiwa na mtu mwingine.

Sababu ya pili ni upweke. Mkulima huwaona wenzake wakipalilia ng'ambo ya ua, ilhali fundi hukaa peke yake kibandani na hana wa kumwonyesha mshono uliomtoa jasho. Sababu ya tatu ni viporo. Kila nguo iliyoanzwa ikaachwa njiani huongeza uzito moyoni, hadi kufika mahali ambapo hata kukaa mbele ya cherehani kunakuwa mzigo.

Ikiwa hayo ndiyo maradhi, basi tiba yake haiwezi kuwa kuhimizwa tu kuongeza bidii. Fundi huhitaji kazi yenye uhuru wa kuchagua, yenye mwisho unaoonekana, na ikiwezekana, yenye wenzake. Historia ya ushonaji, hapa Afrika Mashariki na kwingineko, inaonyesha kwamba kazi ya namna hiyo mara nyingi ilizaliwa na uhaba.

LESO ILIANZA KWA KUUNGANISHA

Mfano wa karibu zaidi ni vazi ambalo takriban kila nyumba ya Kenya inalo. Simulizi inayokubalika na wengi wa wanaochunguza historia ya mavazi ya pwani ni kwamba, katika nusu ya pili ya karne ya 19, wanawake wa Unguja walikuwa wakinunua vitambaa vya mkono vya mraba ambavyo vilifika vikiwa bado havijatenganishwa kutoka kwenye jora. Badala ya kununua kimoja kimoja, walikata urefu wa vitambaa sita, wakaugawa mara mbili, kisha wakashona vipande hivyo viwili ubavu kwa ubavu. Wakapata nguo moja pana yenye miraba sita, mitatu juu na mitatu chini.

Jina leso lenyewe limetoka katika Kireno, ambako maana yake ni kitambaa cha mkono. Wafanyabiashara walipotambua kwamba wanawake walipenda nguo hiyo ya kuungaunga, waliagiza vitambaa vilivyochapwa vikiwa vizima, vyenye pindo pande zote na mji katikati. Maandishi yalikuja baadaye. Mjini Mombasa, biashara ya Kaderdina Hajee Essak, iliyoanza mwaka wa 1887, ilivuma kwa leso zilizotiwa alama ya "Mali ya Abdulla".

Funzo lililomo humo ni kubwa. Mtindo uliotawala mavazi ya wanawake kuanzia Lamu hadi Mtwara na kuvuka hadi Omani haukuanzia kiwandani. Ulianzishwa na wanawake wenye sindano na uzi, ambao walikitazama kitambaa kilichokusudiwa kazi moja wakakiona kikifaa kwa nyingine. Kiwanda kiliwafuata wao.

Nchini Uganda, wasanii wa Buganda wamekuwa wakitengeneza nguo ya gome la mti wa mutuba kwa karne nyingi, ufundi uliotambuliwa na UNESCO mwaka wa 2005. Gome linapogongwa hadi kuwa jembamba, huweza kupata matundu, nayo huzibwa kwa kiraka cha gome hilo hilo. Huko kiraka ni sehemu ya kawaida ya kazi, wala hakimtii aibu aliyekiweka.

NGUO ZA KAZI ZILIZOFIKA MAKUMBUSHONI

Anayetilia shaka thamani ya viraka hana budi kujua habari za Gee's Bend, kijiji kilicho kwenye kona ya Mto Alabama nchini Marekani. Wakazi wake ni wazao wa watumwa waliolimishwa pamba. Wakiwa maskini na mbali na miji, wanawake wa huko waliunganisha magunia, mashati yaliyochanika na suruali za dengrizi zilizochakaa shambani ili kuwafunika watoto wao wakati wa baridi. Hawakuwa na mistari iliyonyooka kama ya rula. Walifuata umbo la kipande walichokuwa nacho mkononi.

Mwaka wa 1942, mmoja wao, Missouri Pettway, alichukua nguo za kazi za mumewe aliyekuwa amefariki, akazikata na kuzishona ziwe mfarishi wa kujifunika ili amkumbuke. Nguo hizo zilikuwa zimepauka kwa jua, na sehemu zilizokuwa zimefunikwa na mifuko zilibaki na rangi iliyokolea. Alama hizo hazikufichwa. Zilibaki kuwa ndizo nakshi.

Mwaka wa 1966, wanawake wa eneo hilo walianzisha chama cha ushirika cha kushona na kuuza mifarishi, Freedom Quilting Bee, wakati wa harakati za kudai haki za kiraia. Baadaye walipata kandarasi ya kushonea kampuni ya Sears foronya za kitambaa kizito chenye mifuo. Mabaki ya kandarasi hiyo yaliingia katika mifarishi yao na kuipa sura mpya. Mwaka wa 2002, kazi zao zilionyeshwa katika makumbusho ya sanaa ya Houston na kisha Whitney, New York. Mwaka wa 2006, shirika la posta la Marekani lilitoa stempu kumi zenye picha za mifarishi hiyo.

Hapa pana jambo la kumfikirisha fundi wa Naivasha. Kandarasi ya foronya zinazofanana haina tofauti kubwa na zabuni ya sare za shule. Ni kazi ya kuchosha inayolipa. Wanawake wa Alabama hawakuiacha. Waliifanya, wakalipwa, na mabaki yake wakayatumia kwa kazi ya nafsi zao.

WASIDI WA INDIA

Ushahidi mwingine unatoka upande wa pili wa Bahari ya Hindi. Katika jimbo la Karnataka, kusini magharibi mwa India, huishi Wasidi, watu ambao wengi wa mababu zao walichukuliwa kutoka pwani ya Afrika Mashariki, hasa Msumbiji, na kufikishwa Goa enzi za Wareno. Wanawake wa Kisidi hushona mifarishi iitwayo kawandi kutokana na sari na nguo kuukuu.

Mbinu yao hutofautiana na ile ya kuunganisha miraba kwanza. Mshonaji huanzia kwenye kona ya kitambaa cha mgongo na kuweka kipande baada ya kipande akizunguka ukingoni, kisha huingia ndani mzunguko kwa mzunguko hadi afike katikati. Anashona kwa mkono, mishono midogo iliyonyooka, na tabaka zote hushikwa kwa pamoja. Mwishoni huongeza pembeni vipande vilivyokunjwa pembetatu viitwavyo phula, yaani maua. Kawandi isiyo na maua hayo huonwa kuwa iko uchi.

Kwa fundi asiye na nafasi ya kutandaza kitambaa kikubwa, au kwa mama asiye na cherehani kabisa, mbinu hii ni ya manufaa makubwa. Haihitaji kiolezo wala umeme. Huhitaji sindano, uzi imara na subira.

RUWAZA ZILIZO MLANGONI

Mafundi wengi hutafuta mitindo mipya katika simu. Si vibaya, lakini mtindo ulioonwa na kila mtu huchosha upesi. Wabunifu wenye uzoefu hupendelea kuanza na mazingira yao, na Ndabibi haikosi cha kutazamwa.

Upo mlima wa Eburru upande wa kaskazini, wenye msitu wa kijani kilichoiva. Yapo mashamba ya ngano ambayo hubadilika kutoka kijani hadi dhahabu katika msimu mmoja, na mifereji ya majembe ambayo hukata ardhi katika mistari sambamba. Liko Ziwa Oloiden, ambalo limewahi kuvutia heroe wengi wa rangi ya waridi. Wako wafugaji wa Kimaasai wenye shuka za miraba myekundu na ya buluu, na wapo wauzaji sokoni waliopanga viazi, karoti na kabeji katika marundo ambayo tayari ni somo la rangi.

Njia rahisi ya kugeuza mandhari hiyo kuwa kazi ni kujiwekea mipaka. Fundi huchagua rangi tatu tu kutoka katika kitu kimoja alichokiona, kwa mfano kijivu cha mawe ya volkeno, kijani cha mlima na rangi ya ngano iliyokauka, kisha hupekua rundo lake akitafuta vipande vya rangi hizo pekee. Uchaguzi ukiwa mwingi mno, mikono husita. Ukipunguzwa, mawazo huanza kutembea.

Chanzo kingine ni kumbukumbu. Mfarishi unaweza kubeba sare ya shule ya mtoto aliyemaliza darasa, leso ya nyanya na shati la baba. Ni vyema hata hivyo kukumbuka kwamba mila hutofautiana kuhusu nguo za marehemu. Zipo jamaa ambazo huzigawa na zipo ambazo hazitaki ziguswe. Idhini ya familia hutangulia mkasi.

HESABU YA MFARISHI MMOJA

Kinachowatisha wengi ni ukubwa wa kazi. Ikigawanywa, hata hivyo, kazi hiyo huwa na mwisho unaoonekana.

Chukua mfarishi wa kitanda cha mtu mmoja wenye upana wa sentimita 140 na urefu wa sentimita 200. Miraba ikikatwa ya sentimita 12 kwa 12, na mshono ukala sentimita moja kila upande, kila mraba hubaki na sentimita 10. Zitahitajika safu 20 zenye miraba 14 kila moja, yaani miraba 280. Fundi akikata na kuunganisha miraba 10 kwa siku, uso wa mfarishi utakamilika baada ya siku 28. Haba na haba hujaza kibaba.

Kitambaa cha mgongo kinaweza kuwa jozi moja ya leso. Leso ya kawaida huwa na takriban sentimita 150 kwa 110. Mbili zikiunganishwa kwa upande mrefu hutoa kitambaa cha takriban 150 kwa 218, ambacho hutosha na kubakisha ukingo wa kukunjwa kuwa pindo. Leso hutofautiana, kwa hivyo ni lazima zipimwe kwanza. Katikati huwekwa blanketi kuukuu lililofuliwa.

Hatua zenyewe ni hizi. Kwanza, vitambaa vyote hufuliwa na kupigwa pasi, kwa sababu leso mpya hupungua kidogo na baadhi huchuja rangi. Pili, vitambaa hutengwa kwa uzito. Dengrizi haishonwi pamoja na kitambaa chepesi cha blauzi, na vitambaa vinavyovutika huachwa kando kwa wanaoanza. Tatu, kiolezo hukatwa kutokana na boksi gumu ili miraba yote ilingane.

Nne, miraba hutandazwa sakafuni na kutazamwa kwa mbali kabla ya kushonwa, ikiwezekana kwa siku mbili, maana jicho huona asubuhi kosa ambalo halikuliona usiku. Tano, miraba huunganishwa kuwa safu, safu zikaunganishwa, na kila mshono ukapigwa pasi. Sita, tabaka tatu hupangwa na kupigwa bandi kuanzia katikati kuelekea kingoni ili mikunjo isibaki ndani. Mwisho, mishono ya kudumu hupitishwa katika tabaka zote, bandi hutolewa na pindo hukunjwa.

Cherehani cha miguu kinatosha kabisa kwa kazi hii. Sindano namba 14 hufaa vitambaa vya kawaida vya pamba na namba 16 hufaa dengrizi. Sindano iliyo butu huvuta uzi na kuruka mishono, jambo ambalo fundi anayeanza hudhani ni ubovu wa cherehani.

TAHADHARI KUHUSU OVAROLI

Vipande vinaweza kupatikana kwa urahisi. Mbali na mabaki ya sare, masoko ya mitumba huwa na kile kiitwacho fagia, yaani nguo zilizobaki baada ya zile nzuri kuchaguliwa, ambazo huuzwa kwa bei ya chini mno. Shati lenye kola iliyochanika bado lina mgongo mzima.

Lakini katika eneo lililozungukwa na mashamba ya maua na ya mboga, tahadhari moja haifai kupuuzwa. Ovaroli, aproni na mavazi mengine yaliyotumiwa katika unyunyiziaji wa dawa za kuua wadudu na kuvu hayafai kamwe kugeuzwa kuwa matandiko, mifuko ya vyakula au nguo za watoto. Dawa huweza kubaki katika nyuzi hata baada ya kufuliwa, na mtu hulala akiwa ameligusa tandiko kwa saa nane. Iwapo historia ya vazi la kazi haijulikani, ni heri liachwe.

KUSHONA PAMOJA

Upweke, ambao ulitajwa kuwa chanzo cha uchovu, hauponywi na kitambaa. Huponywa na watu. Katika jamii ya Wakikuyu, wanawake walizoea kupaliliana mashamba kwa zamu, desturi iitwayo ngwatio. Kazi ya mfarishi inafaa sana kwa mpango wa namna hiyo. Wanachama sita wakikutana mara moja kwa wiki na kushonea mmoja wao kwa zamu, hakuna atakayeachwa na kiporo, na anayeanza hujifunza kwa kutazama.

Kenya si ngeni katika jambo hili. Maendeleo ya Wanawake, iliyoanzishwa mwaka wa 1952 chini ya serikali ya kikoloni, iliendesha vilabu ambavyo vilifunza wanawake kushona na kufuma. Mfumo wa elimu wa 8-4-4, ulioanza mwaka wa 1985, nao uliingiza Sayansi ya Nyumbani katika shule za msingi, na kuna watu wazima wengi ambao walishika sindano kwa mara ya kwanza darasani.

Ndani ya kaunti yenyewe ya Nakuru kuna mfano wa kutazamwa. Mradi wa Kenana Knitters ulianzishwa Njoro mwaka wa 1998, na hukusanya wanawake wa vijijini ambao husokota sufu kwa mkono na kufuma vikaragosi na mavazi ya kuuzwa ng'ambo. Bidhaa huenda sokoni zikiwa na jina la mwanamke aliyezifuma. Kufuma si kushona, lakini mafunzo yake ni yale yale: kazi ya mkono isiyojificha kuwa ni ya mkono huweza kupata mnunuzi wake.

Kwa vijana wanaotaka kuugeuza ufundi kuwa taaluma, vyuo vya mafunzo ya ufundi vilivyo chini ya serikali za kaunti hufundisha ushonaji, nayo Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, NITA, hutoa mitihani ya ngazi ya tatu hadi ya kwanza. Vikundi vilivyosajiliwa huweza pia kuomba mikopo kutoka hazina za umma kama vile Uwezo, iliyozinduliwa mwaka wa 2013.

SOKO NA BEI

Ingekuwa ni kumhadaa fundi kumwambia kwamba mfarishi utamtajirisha. Blanketi la kiwandani litakuwa rahisi zaidi daima, na anayejaribu kushindana nalo kwa bei atashindwa. Tuseme mfarishi mmoja umechukua saa 60, na fundi akathamini saa yake kwa Sh60 tu. Hiyo ni Sh3,600 kabla ya leso, uzi na kijazo. Akiongeza Sh1,000 za vifaa, hawezi kuuza chini ya Sh4,600 bila kujipunja. Jirani ambaye ana baridi hawezi kulipa hivyo.

Kwa sababu hiyo, ni busara kutenganisha kazi ya aina mbili. Ya kwanza ni ya nyumbani: mfarishi unaoshonwa kwa mabaki ili kufunika watoto wa fundi mwenyewe. Faida yake ni blanketi lisilonunuliwa. Ya pili ni ya kuuza, nayo huanza na vitu vidogo vinavyokamilika kwa siku moja au mbili, kama vile foronya za mito ya kochi, vishikio vya sufuria na mifuko ya sokoni. Tangu Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa mnamo Agosti 2017, mfuko wa kitambaa umepata nafasi ambayo haukuwa nayo awali. Mfarishi mkubwa unaweza kushonwa kwa oda, baada ya mteja kulipa arbuni, hasa kwa wageni na wenye hoteli na kambi zilizo kandokando ya ziwa, ambao hununua kisa kilichomo pamoja na joto lake.

Mafundi wa Kenya wamewahi kuonyesha jinsi wanavyoweza kubadilika upesi. Mwaka wa 2020, janga la Covid-19 lilipozuka na uagizaji wa mitumba kusimamishwa kwa miezi kadhaa, kiwanda cha Kaunti ya Kitui, KICOTEC, pamoja na mafundi wa vibandani kote nchini, waligeukia barakoa karibu usiku mmoja. Vipande vidogo ambavyo vingetupwa vilikuwa bidhaa iliyotafutwa.

Tofauti ni kwamba wakati huo msukumo ulitoka nje. Katika miezi ya kawaida, fundi hulazimika kujisukuma mwenyewe, na hapo ndipo umuhimu wa kuwa na kazi moja isiyo ya mteja unapoonekana. Wenye uzoefu hushauri kwamba kazi hiyo itengewe muda mfupi usiobadilika, hata nusu saa kabla ya kufungua kibanda, na kwamba kiporo kimoja kikamilishwe au kifumuliwe kabla ya kuanza kingine. Kiporo kilichofumuliwa hugeuka kuwa kitambaa tena.

Sare za shule zitarudi mwaka ujao, na fundi atazishona kwa kuwa ndizo zinazolipa. Lakini miraba kumi kwa siku, kuanzia mwanzo wa Februari, humfikisha mwisho wa mwezi akiwa na uso mzima wa mfarishi alioupanga kwa macho yake mwenyewe. Baridi ya Julai ikifika Ndabibi, utakuwa tayari kitandani.